Kumjua Dume Kabla ya Julai

Mto Ngerengere huanzia kwenye miteremko ya Uluguru, hujaza bwawa la Mindu linaloinywesha Manispaa ya Morogoro, hupita mjini ukabeba kila kinachotupwa humo, kisha hushika njia ya mashariki kwenye nyanda za chini hadi kuungana na Ruvu. Abiria wa treni ya umeme, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, huiona nchi hii kwa dakika chache: mkonge, migunga, stesheni ya Ngerengere, migunga tena. Mtu akiniuliza kama bado kuna wanyama pale, namjibu kuwa wapo, ila walio wakubwa kwa umri ndio hatawaona. Penye wachoma mkaa, mifugo, mbwa na matanzi ya waya, pongo dume hazeeki kwa kutembea mchana. Aliyefikisha umri wa kuitwa mzee amefika kwa kujificha, na kila mwaka anaouongeza unamfundisha kujificha zaidi.

Kazi ninayoisifu hapa ni ya kumwona huyo asiyeonekana: kutega kamera porini, Mei na Juni, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa tarehe 1 Julai. Huifanya askari wanyamapori wa vijiji, watafiti, wanafunzi wa wanyamapori, na wawindaji wenye leseni walio na subira. Picha nzuri ikipatikana, sifa humwendea mnyama, au mashine. Aliyechagua mti wa kuifunga kamera hasemwi. Mimi naona kazi kubwa ni yake.

Mashine yenyewe haina makuu. Ni kisanduku cha plastiki chenye rangi ya majani makavu, ndani yake betri, memori kadi, lenzi, taa ya mwanga usioonekana kwa macho, na kihisio cha joto. Kihisio hicho hakimjui pongo wala simba. Kinachokiamsha ni joto linalosogea likitofautiana na joto la nyuma yake. Kutokana na hilo tu, nusu ya matatizo ya kazi hii katika nyanda za Ngerengere yameshaelezwa. Saa nane mchana ardhi imechemka, joto lake limekaribia la mwili wa mnyama, na pongo anaweza kukatiza mbele ya lenzi kisanduku kimelala. Upande wa pili, nyasi ndefu zilizoshiba jua zikiyumbishwa na upepo huiamsha kamera mara mia kwa siku, ukirudi unakuta kadi imejaa nyasi na betri zimekufa. Jua nalo lina yake. Kamera ikielekezwa mashariki au magharibi, picha za asubuhi na jioni, ambazo ndizo za thamani, zinaungua kwa mwanga. Anayejua huigeuzia kaskazini au kusini, hata kama kufanya hivyo kunamlazimu kuuacha mti mzuri na kuchukua wa pembeni.

Haya mtu atayajua kwa kuelekezwa. Yanayofuata huyajua kwa kukaa na mjuzi.

Mjuzi wangu ni mzee wa Kikutu aliyekuwa traka katika vitalu vya uwindaji vya Selous, miaka mingi kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Namwita Babu, kama wanavyomwita wote kijijini kwake. Wakati anafuata nyayo kwa ajili ya wageni hakukuwa na kamera za kutega katika kazi yake. Alipoonyeshwa moja kwa mara ya kwanza aliigeuza mkononi, akauliza swali moja: "Hii inaona umbali gani?" Akaambiwa usiku inaona vizuri hatua chache tu. Akasema, "Basi haioni. Lazima sisi tuone kwanza."

Tangu hapo sijasikia maelezo yaliyo wazi kuliko hayo juu ya kazi hii.

Siku tuliyokwenda kutega, nilimwona akikataa maji. Mgeni yeyote angefunga kamera penye dimbwi, kwa kuwa ndivyo filamu za wanyama zilivyotuzoesha. Lakini masika ilikuwa ndiyo kwanza imeisha, mabwawa madogo yalikuwa kila bonde, hakuna mnyama aliyelazimika kwenda dimbwi lile. Akaikataa na njia pana ya mchanga, japo ilikuwa imejaa alama. Aliinama, akanionyesha kwato za ng'ombe juu ya kwato za ngiri, na alama ya tairi la baiskeli juu ya zote. "Hapa wanapita vijana," akasema, na kwa vijana alimaanisha wanyama pia. Tukaacha njia, tukaingia kwenye vichaka vya kingo za mto, tukijikinga na upupu, mpaka tukafika kwenye ujia mwembamba uliopita chini ya matawi, mtu mzima hawezi kuufuata bila kupiga magoti. Ulielekea kwenye mkuyu ulioanza kuangusha matunda. Hatua kadhaa kabla ya mkuyu kulikuwa na kichaka kilichopondwa. Maganda yamechubuka usawa wa kiuno, majani yamekauka kwenye matawi yaliyovunjika, na chini udongo umefukuliwa kwa pembe. Babu aligusa mahali palipochubuka, akanusa vidole. Katika tope la pembeni kulikuwa na kwato mbili za mbele, ncha zake zimetanuka kwa uzito.

"Mwenyewe anakaa hapa," akasema. "Hapiti, anakaa."

Kamera ikafungwa usawa wa goti, kwa kuwa pongo si nyati. Nyuma yake ukapachikwa kijiti ili iiname kidogo. Nyasi za mbele zikafyekwa kwa panga, chache, zile tu ambazo zingeyumba. Ukifyeka zaidi umejenga uwanja, na dume mzee hakatizi uwanjani. Kisha mzee yule wa miaka zaidi ya 70 akashuka kwa mikono na magoti, akatambaa mbele ya lenzi taratibu, akasimama kama mnyama anayesikiliza, akatambaa tena. Kitaa kidogo kiliwaka kila alipopita. Alirudia kutoka upande wa pili. Alipotosheka akainuka, akajikung'uta magoti, akaniambia nisiguse chochote zaidi na nisiteme mate. Asubuhi ile alikuwa amenikataza kuoga kwa sabuni ya manukato, na nilielewa pale.

Kamera ya pili ilikabiliana na ya kwanza, imesogezwa kidogo ili taa zisipigane. Sababu ya mbili ndiyo inayonivutia kuliko yote katika ufundi huu. Pongo ana madoa na mistari meupe mapajani na ubavuni, na hakuna wawili wenye mpangilio mmoja. Ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia wa mnyama yuleyule. Mwenye kamera moja akipata picha ya kushoto leo na ya kulia kesho, hawezi kuapa kama ni dume mmoja au wawili. Akiwa na mbili anazipata pande zote kwa mara moja, na kuanzia hapo anamjua mnyama huyo kati ya wenzake wote. Watafiti wa chui hutumia njia hiyohiyo kuwahesabu katika misitu ya Udzungwa: madoa ndiyo kitambulisho.

Baada ya kumjua ni yupi, linabaki swali la umri, nalo halijibiwi na kamera. Picha huwekwa mbele, watu wakabishana. Babu hutazama shingo kwanza. Pongo kijana ana shingo nyembamba na rangi ya kahawia iliyochangamka. Mwaka hadi mwaka dume huwa mweusi zaidi, shingo hunenepa, na manyoya ya shingoni hupungua mpaka pakabaki kama pamesuguliwa na kamba. Pembe hulinganishwa na masikio: zikiwa sawa nayo, huyo bado mtoto, mwache. Kwa tandala mkubwa pembe husema waziwazi zaidi. Mzunguko wa kwanza wa pembe hukamilika akiwa na miaka kama 2, na ile mizunguko miwili na nusu inayowafanya watu washike vichwa haitimii mpaka afikie kama miaka 6. Kwa hiyo tandala wa mzunguko mmoja na nusu, hata awe mrefu na mzuri wa namna gani, ni kijana ambaye bado hajashika nafasi yake.

Wawindaji wa Marekani wanayo kazi kama hii, na wameipenda mno. Kulungu wao mwenye mkia mweupe hutafutwa kwa kamera tangu Julai na Agosti, pembe zake zikiwa bado zimefunikwa ngozi laini, ili msimu ukifunguliwa wajue dume gani amekomaa na wamwache yupi akue. Lakini kulungu yule huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Anayemfuatilia kwa pembe hujifunza upya kila kiangazi, labda amtambue kwa mwili au kovu. Swala wetu hawaangushi. Pembe iliyovunjika ncha mwaka huu itakuwa imevunjika mwaka kesho, na picha ya Juni iliyotunzwa vizuri ni ya kazi miaka mingi. Nadhani hatujaitambua bahati hiyo. Kijiji chenye daftari la madume wake, picha za kushoto na kulia, kinaweza kujua kwa uhakika nani amepotea.

Wala tusione kama kazi hii imeletwa kwetu juzi. Mwamarekani George Shiras alianza kuwapiga picha kulungu haohao wa mkia mweupe usiku huko Michigan katika miaka ya 1890, kwa taa ya baruti na uzi uliokatizwa njiani ambao mnyama mwenyewe aliukanyaga, na picha zake 74 zikatoka katika National Geographic mwaka 1906. Mwaka mmoja kabla, 1905, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amechapisha kitabu cha picha za usiku alizozipigia hapa, Afrika Mashariki ya Wajerumani, baadhi zikiwa za simba waliojipiga picha wenyewe kwa kugusa uzi. Baadhi ya picha za kwanza kabisa za aina hii duniani zimepigwa katika ardhi ya Tanzania. Majina ya wapagazi na wasakaji waliobeba vioo na magnesi, na kumwonyesha njia za simba, yamebaki nje ya sifa hizo, kama ilivyo leo.

Umuhimu wa kumjua dume mkomavu ulikuja kuthibitishwa kwa hesabu, na hesabu hizo pia ni za kwetu. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyotokana na kumbukumbu za miaka mingi za simba wa kaskazini mwa Tanzania. Simba dume akiuawa kijana, madume wageni huingia katika kundi lake na kuua watoto aliowaacha, ili majike warudi kwenye joto. Risasi moja inachukua dume pamoja na kizazi chake. Akichukuliwa aliyekwisha kulea, umri wa miaka 5 au 6 kwenda juu, kundi halitikisiki. Walionyesha pia pa kutazama: pua. Simba huzaliwa na pua ya waridi, ikaingia madoa meusi kadiri anavyokua, na iliyo nyeusi zaidi ya nusu ni ya dume aliyepita miaka 5 hivi. Tanzania ikaweka kanuni kuwa simba wa kuwindwa awe ametimiza miaka 6.

Sasa fikiria mwindaji bingwa aliye na mteja pembeni, jua linazama, simba yuko juu ya chambo, na anatakiwa kukadiria weusi wa pua kwa darubini. Hapo ndipo kamera ikawa kitu cha lazima kwa wanaoheshimu kazi yao. Inafungwa mbele ya chambo siku nyingi kabla, picha za uso zinatazamwa kambini kwa utulivu, zinakuzwa, zinabishaniwa, na traka anasema neno lake. Uamuzi mgumu kuliko wote katika uwindaji unahamishwa kutoka kwenye dakika ya pupa kwenda kwenye meza. Sioni kitu kingine kilicholetwa na teknolojia porini chenye faida ya namna hiyo.

Na mara nyingine kisanduku hicho huleta asiyetafutwa. Katika Udzungwa, ambayo sehemu yake iko mkoani humuhumu Morogoro, mwaka 2003 kamera zilimpata minde, mnyama wa jamii ya funo anayeishi misitu michache ya milima ya Tanzania na kwingine kokote duniani hayupo. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amempiga picha akiwa hai msituni. Mwaka 2005 kamera za Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu zikapiga sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, hakuna aliyemfahamu katika vitabu. Mwaka uliofuata wakaenda kumtafuta, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana.  Kamera ikifungwa usawa wa kiuno, mnyama mdogo kama huyo anaweza kupita chini yake na kwenda zake.

Kuna upande wa kazi hii unaotaka uangalifu mwingine kabisa. Kamera haichagui. Katika pori la Ngerengere itampiga pongo saa moja kasoro jioni, na asubuhi itampiga mama anayekata kuni, kijana na msichana waliokwenda kuongea mbali na macho ya watu, mganga anayechimba mizizi. Hawakuomba kupigwa picha. Mtegaji mwaminifu hupita kwanza serikali ya kijiji, anasema kamera ziko upande gani, na picha za watu wasio na hatia anazifuta bila kumwonyesha mtu. Eneo lile lina kambi ya jeshi pia. Mtu asiyeaga hapaswi kushangaa akiulizwa maswali mazito. Kwa utafiti vibali vinatoka TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na katika mapori ya akiba mwenye neno ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Vibali vinachosha, navijua, lakini vipo kwa sababu picha ya dume mkubwa yenye saa na mahali ni ramani mkononi mwa jangili. Msiirushe mitandaoni.

Matanzi nayo huonekana. Nimeona picha ya kuro jike akiwa na waya umeingia ndani ya nyama ya mguu, amesimama katikati ya njia, anatazama lenzi. Picha ya namna hiyo ikiwafikia askari mapema inawaelekeza bonde la kupekua. Hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama ya betri.

Hata hivyo naona kuna mpaka, na wenzetu wa Marekani wameugundua kwa kuuvuka. Kamera zao nyingine hutuma picha moja kwa moja kwenye simu, mwindaji akiwa kitandani anajua dume amefika wapi dakika hii. Jimbo la Arizona lilipiga marufuku kutumia kamera za kutega, hata zisizotuma picha, kusaidia uwindaji kuanzia Januari 2022, na majimbo jirani yakaweka mipaka yao. Siendi umbali huo wote, lakini kuhusu kamera za kwenye simu naungana nao. Kumjua mnyama kabla ya msimu ni heshima kwake, maana ndiko kunakomfanya mwindaji aseme "huyu bado" na kumwacha apite. Kumfuatilia kwa simu siku ya kuwinda kunamnyima nafasi ya kutumia ujanja wote aliozeekea nao. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku na kuwinda toka kwenye gari, na roho ya makatazo hayo ni ileile.

Kwa hiyo wenye leseni na kamera, zitoeni porini ifikapo tarehe 30 Juni, msisubiri kuambiwa. Mnaoendesha vitalu, wapeni askari wa vijiji nakala za picha, maana madume wale watapita mashambani kwao. Na ninyi vijana wa vyuo mnaokuja Ngerengere na visanduku vipya vya bei kubwa, kabla ya kufunga hata kimoja mtafuteni mzee aliyewahi kuwa traka, msalimieni, mkae naye, na mumlipe kama mtaalamu mwingine yeyote. Wamebaki wachache, na wengi wao hakuna aliyewahi kuandika wanachokijua.